Ulikula Nini Ulipokuwa na Mimba?

Swali hili lina waulizaji wengi, na karibu wote humwelekea mama. Huliuliza muuguzi anayejaza faili, wifi aliyekuja kumjulia hali mzazi, jirani aliyeleta uji, na mwisho kabisa hujiuliza mama mwenyewe saa nane za usiku, mtoto akiwa amelazwa kifudifudi kwa sababu mgongo una mshono mbichi. Ulikula nini? Ulikunywa dawa gani za mitishamba? Ulimcheka mlemavu gani njiani? Uligombana na nani akakuapiza? Baba haulizwi alikula nini.

Nimechagua kuwazungumzia wazazi wa watoto wenye mgongo wazi na kichwa kikubwa kwa sababu hali hizi hudai mambo mengi kwa wakati mmoja: upasuaji siku za mwanzo za uhai, mpira wa kupunguza maji kichwani, mkojo unaotolewa kwa mpira mwingine, haja kubwa isiyozuilika, miguu isiyohisi, vidonda vinavyochimbika bila mtoto kulia, na kliniki ambazo haziishi. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu, mtindio wa ubongo au tundu kwenye moyo atajiona humu pia, maana maswali anayoulizwa ni yale yale.

Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya hatia anayobeba mzazi wa mtoto kama huyu si yake. Ina wenyewe. Kabla hajaambiwa ajifunze kuishi nayo, ana haki ya kujua wenyewe ni akina nani.

Tuanze na mgongo wenyewe. Uti wa mgongo na ubongo hujengwa mapema mno. Ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, bamba la chembe hai kwenye mgongo wa kiumbe hujikunja kama mkeka unaoviringishwa, kingo zake mbili zikutane na kushikana ziwe bomba. Sehemu ya juu ya bomba hilo huwa ubongo, ya chini huwa uti wa mgongo. Kingo zisipokutana mahali fulani, mahali hapo hubaki wazi. Sasa tuhesabu pamoja. Siku ya 28 inapofika, mama amechelewa hedhi kwa wiki mbili tu. Wengine hawajagundua. Wengine wamedhani ni uchovu wa kilimo au mabadiliko ya sindano ya uzazi wa mpango. Kwa hiyo ile ndoo ya maji aliyojitwisha mwezi wa saba, ule ugomvi na mumewe mwezi wa tano, lile basi lililorukaruka kwenye matuta njia nzima, msiba wa mama yake alioulilia siku tatu, vyote vilikuja baada ya mgongo wa mtoto kuwa umeshafungwa au umeshashindwa kufungwa. Nimewaona akina mama wakisikia hesabu hii kwa mara ya kwanza mtoto akiwa na miaka minne, na kila mara nimejiuliza kwa nini haikusemwa wodini siku ile ya kwanza. Kuisema hakuhitaji mashine wala fedha, ni dakika tano tu za mtu mwenye subira.

Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi saba, miongoni mwa wanawake waliokwisha kupata mimba ya mtoto mwenye tatizo hili. Waliomeza foliki asidi kabla ya kushika mimba na wiki za mwanzo walipunguza uwezekano wa tatizo kurudi kwa asilimia 72. Ni habari njema. Lakini mama akiisikia nusu nusu, anaondoka na hatia mpya: kumbe ningemeza vidonge! Hapa ndipo ninapotaka tusimame kwa muda.

Vidonge vya foliki anavyovijua mama wa Tanzania ni vile vyekundu vya FEFO, vyenye madini chuma pamoja na foliki, anavyopewa kliniki ya wajawazito. Vina kazi kubwa ya kulinda damu. Ila kliniki huanza baada ya mimba kujulikana, na wanawake wengi hufika wakiwa wamepita mwezi wa tatu. Kwa mgongo wa mtoto vidonge hivyo vimechelewa, hata kama mama amevimeza bila kuruka siku moja. Ili foliki imsaidie mtoto kwa jambo hili, ni lazima iwe tayari mwilini siku mimba inapotungwa. Mchicha, kunde, choroko na maharage vina foliki, lakini kiasi kinachoshauriwa kwa mwanamke anayetarajia kushika mimba, mikrogramu 400 kwa siku, ni kigumu kukifikia kila siku kwa mboga peke yake, hasa zikichemshwa muda mrefu na maji yake yakamwagwa. Njia iliyoonekana kufanya kazi kwa umma ni kuitia foliki kwenye chakula ambacho kila mtu anakula bila kupanga. Marekani iliwalazimisha wenye viwanda kufanya hivyo kuanzia mwaka 1998, na watoto wapatao 1,300 kila mwaka wamezaliwa bila tatizo hili ambao vinginevyo wangekuwa nalo.

Tanzania ilizindua mpango wake wa kitaifa wa kuongeza virutubisho kwenye vyakula mwaka 2013, unga wa ngano na wa mahindi ukiwamo. Kenya nayo ina sheria yake. Lakini ugali wa walio wengi hautoki kiwandani. Unatoka kwenye mashine ya mtaani au kijijini, mama akiwa amejitwisha debe lake la mahindi na kurudi na unga ule ule bila kuongezewa chochote. Mwenye mashine hana kifaa cha kuchanganya virutubisho wala mtu wa kumletea. Mwezi Mei 2023 mataifa yaliyokutana Geneva katika Mkutano wa Afya Duniani yalipitisha azimio la kuharakisha kazi hii, yakiutaja mgongo wazi kwa jina. Basi kama kuna anayepaswa kukosa usingizi kwa ajili ya foliki, ni wale waliokabidhiwa unga wa nchi. Mama aliyesaga mahindi yake na kuwapikia watu wake hakukosea kitu.

Niseme pia kwamba foliki haizuii kila tatizo la mgongo. Kuna urithi wa chembe za uzazi ambao hakuna aliyeuchagua, kuna kisukari, kuna baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti, ambazo huongeza hatari na ambazo mwanamke hapaswi kuziacha ghafla bali kuzungumza na daktari kabla ya kubeba mimba. Na wapo waliomeza kila kitu kwa wakati na bado wakapata mtoto mwenye mgongo wazi.

Kichwa kikubwa nacho kina historia yake, na kwa watoto wa Afrika Mashariki mara nyingi si ya kuzaliwa nayo. Daktari Benjamin Warf, aliyekwenda Mbale, Uganda, mwaka 2000, aligundua kwamba zaidi ya nusu ya watoto aliokuwa akiwatibu walipata maji kichwani baada ya maambukizi, mengi yakiwa yameingia ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha. Mtoto alipata homa na degedege, akapona, kisha wiki chache baadaye kichwa kikaanza kukua. Miaka hiyo yote akina mama waliambiwa ni uchafu wao, ni kitovu walichokihudumia vibaya, ni jicho la mtu. Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambaye vipimo vya kawaida vya maabara vilikuwa vikimkosa, anahusika na maambukizi mengi kati ya hayo. Mama alilaumiwa kwa miaka kwa sababu ya kiumbe ambacho hata maabara haikukiona.

Kuna wazazi ambao wakielezwa haya yote hawapati nafuu, na nimejifunza kutowasukuma. Hatia, pamoja na ukali wake, humpa mtu kitu cha kushika. Kama ni mimi niliyesababisha, basi mambo yana mpangilio, na safari nyingine nitajihadhari. Kukubali kwamba kingo mbili ndogo hazikukutana, na hakuna aliyefanya lolote, kunaacha woga ambao hauna mlango wa kutokea. Mzazi wa aina hii hahitaji kubishiwa. Ukimwambia mara kumi kwamba hana kosa, ataishia kulificha kosa lake mbali zaidi. Anahitaji mtu wa kukaa naye na woga ule, bila haraka, hata kama ni kwa wiki nyingi.

Wakristo na Waislamu humwambia mzazi ni kazi ya Mungu, ni mtihani. Maneno hayo yakitoka kinywani mwa mama mwenyewe, huwa ni nguzo, na ole wake atakayeitikisa. Yakitoka kwa mgeni anayetaka mazungumzo yaishe ili aondoke, yanamfunga mama mdomo. Mchungaji au shehe anayejua tofauti hiyo ni msaada mkubwa kuliko wataalamu wengi.

Tufike kwenye hatia ngumu zaidi, ile ya kuchelewa. Kichwa kilianza kukua mtoto akiwa na miezi miwili, hospitali akafika akiwa na miezi saba. Katikati kulikuwa na mganga, chale, maombi ya usiku, na dawa ya kuchua. Siwezi kumwambia mzazi huyu kwamba kuchelewa hakukuwa na madhara, kwa sababu maji yanapozidi kichwani hukandamiza ubongo, na muda una maana. Mzazi anaujua ukweli huo, na faraja ya uongo humwacha peke yake nao.

Ninachoweza kufanya ni kumwomba anisimulie miezi hiyo mitano taratibu. Karibu kila mara inajitokeza zahanati iliyosema kitapungua chenyewe. Anajitokeza baba mkwe ambaye bila ruhusa yake mtoto hatoki nyumbani. Inajitokeza nauli ya kufika hospitali ya Muhimbili au Bugando, na ya kulala huko, na mbuzi aliyepaswa kuuzwa kwanza, na watoto wengine ambao hakuna wa kuwaachia. Kwa miaka mingi upasuaji wa namna hii ulipatikana katika hospitali chache tu kubwa, na ramani hiyo haikuchorwa na mama. Tukimaliza kugawa, huwa kinabaki kipande ambacho ni chake kweli. Pengine aliogopa kisu. Pengine aliona aibu kupanda daladala na mtoto ambaye watu wangemkodolea macho. Kipande hicho kinastahili kusemwa mara moja, kwa sauti, mbele ya mtu mmoja anayeaminika. Kisha kinageuzwa kuwa kazi, na kazi yenyewe ni kuzijua dalili.

Maana mpira wa kichwani, ambao tunauita shanti, huziba. Karibu nusu ya shanti za watoto huharibika ndani ya miaka miwili, na hali ni hiyo hata katika hospitali zenye kila kitu huko Marekani. Mtoto akianza kutapika bila sababu, akasinzia kuliko kawaida, utosi ukafura, macho yakawa kama yanavutwa kutazama chini, au mkubwa akalalamika kichwa kila asubuhi, safari ya hospitali ni usiku ule ule. Na shanti ikiziba, mzazi asianze tena kujihoji alimbebaje mtoto au alimwacha acheze na nani. Ilikuwa na nafasi ya kuziba hata kama angemweka kwenye pamba.

Katika vikundi vya wazazi huwa zinasimuliwa habari za akina baba wawili wa ng'ambo. Mmoja ni John Holter, fundi wa eneo la Philadelphia, ambaye mwanawe Casey alizaliwa mwaka 1955 na mgongo wazi na kichwa kikubwa, naye akabuni vali ya shanti iliyokuja kutumika kwa maelfu ya watoto. Mwingine ni mwandishi Roald Dahl. Mwanawe Theo aligongwa na teksi New York mwaka 1960 akiwa kwenye kigari cha mtoto, akapata maji kichwani, na Dahl akashirikiana na fundi Stanley Wade na daktari Kenneth Till kutengeneza vali nyingine. Ni habari za kweli na ninazipenda. Lakini nimeona zinavyomwumiza mzazi aliyekaa nyuma ya ukumbi, ambaye mwezi huo ameshindwa hata kupata nauli ya kliniki. Anajipima na mtu aliyebuni vali. Kwa hiyo huwa naongeza sehemu ambayo haisimuliwi sana. Theo alipona kiasi cha kutoihitaji vali ya baba yake ilipokuwa tayari, na Casey alifariki akiwa bado mtoto mdogo. Vali haikuwa malipo ya deni lolote. Akina baba hao walifanya walichokuwa na mikono ya kukifanya, na mama anayemgeuza mtoto wake kila baada ya saa mbili ili asipate kidonda cha kulalia anafanya hivyo hivyo.

Ipo hatia ya mikono pia. Kumshika mtoto kwa nguvu ili muuguzi apate mshipa. Kumwingiza mpira wa mkojo, yaani katheta, kila baada ya saa nne huku akikutazama usoni. Wazazi wengi huacha katheta si kwa uvivu bali kwa sababu hawawezi kuvumilia kuwa wao ndio wanaomwingilia mtoto mwili wake, au wanaogopa kumtia vijidudu. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Michigan alionyesha kwamba katheta iliyo safi tu, bila kutakaswa kwa kiwango cha chumba cha upasuaji, inatosha. Sabuni, maji, mikono iliyooshwa, na kutoruka saa. Mkojo unaobaki ndio unaoua figo. Na mtoto mwenye akili timamu na mikono mizuri anaweza kuanza kujifunza kujitoa mwenyewe mkojo akifika umri wa kwenda darasa la kwanza. Siku anayokataa msaada wako, utasikia umenyang'anywa kitu. Mwachie.

Sasa akina baba. Wanaoondoka ni wengi, na sitawatetea. Mwanamke anaachwa na mtoto wodini, simu haipokelewi, na ukoo wa mume unatamka ile sentensi: kwetu hakuna ugonjwa huu. Hata kwake mama haukuwapo. Idadi kubwa mno ya watoto hawa huzaliwa kwenye familia ambazo hazijawahi kuuona, upande wa baba wala wa mama. Lakini nimezungumza na wanaume walioondoka na wengine waliokaribia kuondoka, na ninaamini wengi wao walikuwa wakiikimbia hatia yao wenyewe: ya kutokuwa na fedha ya rufaa, ya kuona mbegu yao imesemwa vibaya, ya kutojua namna ya kumbeba mtoto ambaye kichwa chake kinahitaji mkono wa pili. Mwanaume hakufundishwa pa kuiweka aibu ya namna hiyo. Kwa hiyo nawaomba wauguzi na madaktari jambo moja: msimpe mama maelezo akayafikishe nyumbani. Akiyafikisha yeye, yanageuka utetezi wake. Mwiteni baba, na kama inawezekana mama mkwe, wayasikie kutoka kwa aliyevaa koti jeupe, na sababu iandikwe kwenye kadi kwa Kiswahili. Nimeona ndoa zilizosimama kwa sababu ya kikao kimoja kama hicho.

Wapo pia akina baba waliobaki. Wanafua nepi, wanambeba mtoto mgongoni kumpeleka shule kwa sababu kiti cha magurudumu hakipiti mchangani. Wanaulizwa mama yuko wapi.

Kuhusu ndugu wa mtoto nitasema machache. Yule anayelelewa kwa bibi wakati mama yuko Dar es Salaam na mgonjwa anaumia, na mzazi anajua. Mpigie simu usiku umwulize habari zake yeye, si za mwenzake.

Na kuna wazo ambalo wazazi hulisema kwa kunong'ona, au hawalisemi kabisa: kwamba afadhali apumzike. Mama analiwaza alfajiri baada ya usiku wa tatu bila usingizi, kisha anajiona muuaji. Mama, umechoka. Unataka mateso yaishe, na akili iliyochoka haioni mwisho mwingine isipokuwa huo. Kumpenda mtoto na kutamani usiku uishe hukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Ila wazo likianza kuja na mpango, au ukajikuta hauli, hulali hata mtoto akilala, hulii wala hucheki kwa wiki kadhaa, hilo si hatia tena. Ni sonona, ina tiba, na inapaswa kufikishwa kwa daktari kama unavyofikisha homa ya mtoto. Usimfiche afisa ustawi wa jamii wa hospitali, maana ndiye pia mwenye kuangalia msamaha wa gharama, na mara nyingi deni la hospitali ndilo linaloshikilia nusu ya giza hilo.

Tanzania, Kenya na Uganda kila moja ina chama cha wazazi wa watoto hawa. Nawasihi muwatafute hata kama hampendi mikutano. Kule mama anakutana na kijana mwenye shanti anayefanya kazi ofisini, na anakutana na mama mwenzake aliyempoteza wake na bado anakuja. Hawaulizani walikula nini.

Ukifika wakati wa kutaka mtoto mwingine, hatia yote inaweza kuamka kwa siku moja. Uwezekano wa tatizo kurudi upo, ni asilimia chache, na unapungua sana kwa foliki. Kwa mwanamke aliyekwisha kupata mtoto mwenye mgongo wazi dozi si ile ya kawaida ya kliniki. Ni kubwa zaidi, kwa kawaida kidonge cha miligramu 5 kila siku, kinachoanzwa kabla ya mimba na kuendelea hadi wiki ya 12, kwa maelekezo ya daktari. Waambie na dada zako, na wifi zako, hata ambao hawajaolewa, watumie mikrogramu 400. Vidonge vya foliki peke yake si ghali, na maduka mengi ya dawa mjini yanavyo. Baba anaweza kwenda kuvinunua.